Hitilafu, Sekunde Kumi na Nne

Kalamu ya wino huachwa mlangoni, pamoja na koti na chai.
Humu tunaandika kwa penseli,
ili kosa la mtu lifutike na karatasi ibaki.
Ghorofa ya chini ya maktaba ya chuo, Toledo, Ohio, Januari:
theluji imeziba dirisha hadi nusu,
na mimi, binti Shekue, mzaliwa wa Korogwe,
nimeajiriwa kung'oa pini zenye kutu
kwenye maisha ya Kazimierz Wojtas.

Masanduku thelathini na moja.
Mchana alikata vioo kiwandani,
Jumamosi alipiga kodiani kwenye arusi za Wapolandi.
Alitunza kila kitu, bwana yule:
stakabadhi za kukodi ukumbi, deni la mpiga ngoma,
tiketi za dansi mia na nne ambazo hazikuuzwa,
zimefungwa kwa mpira uliokwisha kuyeyuka ukawa gundi.
Barua ya kampuni ya santuri, Chikago: tunasikitika.
Barua nyingine, mwaka mwingine: tunasikitika.
Ganda la peremende katikati ya daftari la nyimbo.
Mali bila daftari, kwetu husemwa, huisha bila habari.
Yeye daftari alikuwa nalo. Mali ndiyo sikuiona.

Kanda zake zimenuna.
Ukizizungusha zinanata, zinalia kama bawaba,
zinaacha unga wa kahawia juu ya mashine.
Dawa yake ni kuoka: nyuzi hamsini na nne, kutwa nzima,
katika kijioko kilichotengenezwa kukaushia matunda.
Nakaa nazo kama mtu anayengoja mkate,
nikijua mkate huu hauchelewi kuchacha.

Kanda ya tisa, 1974. Polka, polka, makofi, polka.
Kisha kikohozi. Kiti kinaburutwa.
Mbwa. Na sauti ya mwanamume, mbali na maikrofoni,
mara tatu, ikipanda ngazi:
Bronia. Bronia. Bronia!
Mlango. Kimya. Polka.

Nikaandika kwenye kadi kama nilivyofunzwa:
hitilafu, sekunde kumi na nne.

Februari akaja mwanamke wa miaka sitini hivi,
viatu vikidondosha chumvi ya barabarani juu ya zulia.
Alijaza fomu kwa herufi kubwa: BRONISŁAWA.
Hakutaka muziki.
"Muziki wake nimeushiba," alisema.
"Ulinilia Jumamosi zangu zote.
Hakuna mahali anaongea tu?"

Nilitazama kadi yangu, nikaona haya mbele ya kadi.
Nikamvisha vipokea sauti.
Nikasogeza hadi dakika ya ishirini na mbili.

Hakulia. Nasema hivi kwa kuwa mnangoja alie.
Aliinamisha kichwa upande,
kama mtoto aliye chumba cha pili, mikono imejaa kitu kingine,
na akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa,
kijineno cha Kipolandi kisichohitaji mkalimani.
Kwetu kingekuwa: abee.
Msomaji wa meza ya jirani aliinua macho,
akayarudisha kwenye mabango yake ya sarakasi.

Akaomba mara ya pili, nikampa.
Nilipouliza kuhusu ya tatu alisema basi,
atakosa basi la saa kumi.
Alisahau glavu moja. Nayo sikujua niiweke sanduku gani.

Jioni nilichukua kifutio.
Neno hitilafu liliondoka bila ubishi,
likaacha kivuli ambacho wewe huwezi kukiona, mimi nakiona.
Nikaandika: baba anamwita binti yake, mara tatu.
Nikasita. Nikaongeza:
ameitika, miaka hamsini baadaye.

Kesho msimamizi ataniuliza, naye ana haki:
hilo jibu limo kwenye kanda?
Halimo.
Ndiyo maana nimeliandika kwa penseli,
na nimekandamiza sana.